Bogonvilia ya Upande wa Kushoto

Bi Mwajabu alizikwa Ujiji siku ya Ijumaa na habari zikanifikia Jumapili, kwa hiyo nilichowahi ni hitima tu. Aliwahi kuwa mama mwenye nyumba wangu, mwaka mmoja wa ujana wangu, na nilikuwa sijafika kwenye nyumba ile kwa miaka mingi, ingawa naishi hapa hapa mjini Kigoma, mahali ambapo mtu akiamua anaweza kwenda Ujiji na kurudi kabla maharage hayajaiva jikoni. Nilitembea polepole kwa sababu ya goti. Nilipokata kona niliiona bogonvilia ya zambarau, ile ya upande wa kulia wa ngazi za baraza, imekwea mpaka kwenye bati na kumwaga maua yake juu ya viti vya wafiwa. Upande wa kushoto hapakuwa na mti. Palikuwa na tangi jeusi la maji, la plastiki, limewekwa juu ya matofali. Nililitazama lile tangi kwa muda mrefu kuliko adabu ya msibani inavyoruhusu, hata mwanamke mmoja wa pale akadhani nina kiu, akaniletea maji kwenye kikombe. Nikayanywa. Ningemwambia nini?

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata ukarani kwenye ghala la dagaa pale Katonga. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mizani tangu asubuhi, na jioni nilirudi Ujiji nikinuka kama gunia lenyewe. Nilioga kwa sabuni, nikajisugua kwa limau, nikavaa shati safi, na bado nilipoingia chumbani nilikutana na harufu yangu ya jana imenisubiri kitandani. Chumba kilikuwa cha mbele, mlango wake ukiwa kwenye ukumbi mrefu na dirisha lake likitazama baraza. Nilikuwa na kitanda, meza, sufuria mbili na taa ya chemli. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Ziliishia usawa wa boriti, na kutoka hapo kwenda kwenye bati ilikuwa wazi, kwa hiyo sauti zilivuka kutoka chumba kimoja hadi kingine kama moshi. Ng'ambo ya ukumbi Bi Mwajabu alikula na binti zake wawili. Mimi nilikula peke yangu, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na niliwasikiliza wakigombania kichwa cha samaki. Mara nyingine walisema jambo la kuchekesha nami nikacheka, halafu nikaacha kutafuna kwa hofu kwamba wamenisikia.

"Mama, karani anakula?" binti mmoja aliuliza jioni moja.

"Anakula. Sikiliza kijiko."

"Mbona kimya hivyo?"

"Sasa aongee na nani? Na ukuta?"

Tangu siku hiyo nilianza kukwangua sahani kwa nguvu zaidi kidogo. Nilitaka wajue nipo. Leo ninapokula peke yangu nyumbani, na kuta za nyumba yangu zimefika juu kabisa, nashangaa kuona bado nakwangua sahani vilevile.

Miti ile miwili ndiyo niliyoiona kila nilipofungua dirisha. Wa kulia ulikuwa wa Bi Mwajabu, ulikuwepo tangu marehemu mumewe alipojenga. Majani yake yalikuwa laini na yenye kung'aa, miiba yake mifupi, na sikumbuki mwezi hata mmoja wa mwaka ule ambao haukuwa na maua. Wa kushoto ulipandwa na mpangaji aliyenitangulia, aliyekuja nao umefungwa kwenye kipande cha gunia na akahama kabla haujachanua, bila kumwambia mtu alikoutoa wala utakuwa wa rangi gani. Kwa kuwa chumba kilikuwa changu, na mti ukahesabiwa wangu. Majani yake yalikuwa makubwa zaidi na mazito, yana vinyweleo ukiyapapasa, na miiba yake ilikuwa mirefu, imepinda nyuma kama ndoana, ilinishika shati kila nilipopita kwa haraka. Maua haukuwa nayo. Nilidhani ni mti uleule mmoja, tofauti ni umri. Mtu akiona bogonvilia mbili mlangoni anaona bogonvilia, haoni mbili.

Aliyeziona mbili alikuwa Leokadia. Alikuwa anashona pamoja na shangazi yake kwenye baraza la duka pale Mwandiga, cherehani mbili zikitazama barabara. Nilikuwa nimekwenda kuagiza pazia, nikarudi kuagiza foronya, nikarudi tena kuuliza kama foronya zimekwisha hali nikijua hazijaanza. Shangazi yake alinitazama juu ya miwani akasema, "Kijana wa dagaa, una vitanda vingapi?" Leokadia akainama kwenye cherehani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Baadaye ikabidi aje Ujiji kupima dirisha, maana vipimo nilivyompa mimi havikuwa na maana. Alikuja Jumamosi mchana, futi ya ushonaji imening'inia shingoni. Bi Mwajabu alikuwa barazani anachambua mchele, kwa kazi ile na kwa kazi ya kutuangalia.

Leokadia hakuanza na dirisha. Alisimama kwenye ngazi, akashika jani la kulia kwa vidole viwili kama anavyoshika kitambaa, kisha akashika la kushoto.

"Hii miti si ndugu wa tumbo moja," alisema.

"Ni ileile," nikasema. "Wangu mdogo tu."

"Hili ni popilini. Hili ni flaneli. Huwezi kuzipiga pasi moja."

"Binti," Bi Mwajabu akadakia kutoka kwenye ungo wake, "wa kwangu unatawadha kila siku. Wa karani ni Mkristo, hauna udhu. Utapata wapi nuru?"

"Basi mama, usilimishe na huo."

"Nikiusilimisha, padri wenu atanijia na fimbo!"

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka, kwa sauti, bila kuogopa kusikika. Ilikuwa kweli kwamba watu wa nyumba ile walitawadhia pale pembeni ya baraza, upande wa kulia, na maji yakatiririka moja kwa moja mpaka kwenye shina la mti. Leokadia akaanza kupima dirisha. Akiwa amenipa mgongo aliuliza, "Utachanua rangi gani huu?"

"Nyeupe," nilisema, kwa sababu nilitaka nyeupe.

"Mimi nasema rangi ya tofali."

"Maua ya rangi ya tofali? Nani aliyaona?"

"Watu wa dagaa mnajua nini. Tuwekeane dau. Atakayepatia ndiye atakayempa mtoto wa kwanza jina."

Alisema hivyo huku akisoma futi, kama mtu anayetaja urefu wa pazia. Mchele ukaacha kusikika kwenye ungo. Nilihisi masikio yananiwaka. Tulikuwa hatujawahi kuongea habari za watoto, wala za ndoa, wala za kitu chochote kisicho na pindo. Nilimuuliza ni jina gani alilo nalo moyoni.

"Nikishinda nitakwambia," alisema, na akakunja futi yake.

Kwao, shangazi ndiye anayetangulia kwenda kuona mahali msichana anapopelekwa. Baba huulizwa baadaye. Tukakubaliana kwamba shangazi atakuja baada ya kuvuna maharage, na hapo ndipo nilipoanza kukitazama chumba changu kwa macho ya mtu mwingine. Niliona bati lenye kutu, niliona sakafu iliyochimbika, nilinusa dagaa. Sikuwa na uwezo wa kubadilisha hata kimoja. Lakini nilijiambia kwamba kama mti ule utachanua, kama mgeni atafika na kukuta nyumba ina maua pande zote mbili za mlango, hatayaona hayo mengine. Sijui kama ninaeleweka. Mtu mpweke akishika jambo moja hulishika kwa mikono yote, kwa sababu hana wa kumwambia aliachie.

Nilimwendea Bi Mwajabu kumwomba maji ya udhu. Alidhani natania. Alipoona sitanii alifikiri kidogo, akasema, "Chukua, mwanangu. Maji hayana dini. Lakini usiyakanyage, na usimwambie padri." Akaweka beseni pale pa kutawadhia, na kila nilipotoka kazini nililikuta limejaa. Nililimimina lote upande wa kushoto, na asubuhi nikaongeza ndoo yangu mwenyewe. Hata yeye aliamini kwamba ndiyo dawa. Alikuja kutazama pamoja nami, akagusa vichipukizi, akasema, "Unakubali, unakubali." Kiangazi kilikuja, majani ya Ujiji nzima yakawa na vumbi jekundu, na mti wangu ulikuwa wa kijani kama wakati wa masika. Ulirefuka mpaka ukashika bati. Ulitoa majani, na juu ya majani ukatoa majani. Maua hata moja.

Maharage yalivunwa. Nikatuma salamu Mwandiga kwamba shangazi avute subira kidogo, chumba hakijakaa sawa. Kisha nikaomba tena. Safari ya tatu ilibidi niende mwenyewe, nikamkuta Leokadia peke yake barazani, anashona sare za shule.

"Shangazi anauliza lini," alisema bila kuinua kichwa.

"Mwambie bado kidogo. Mti uko karibu."

"Karibu wapi?" Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Gervas, mimi naolewa na wewe au na maua?"

"Nataka tu akute mahali pazuri."

"Shangazi hajaomba mahali pazuri. Anakuja kuona kama una sufuria, na kama una heshima. Na hayo maua yenyewe hayanuki kitu. Dagaa watanuka palepale."

Nilisema neno fulani la kijinga kuhusu uvumilivu. Alitoa uzi mdomoni.

"Mti unaunywesha asubuhi na jioni," alisema. "Mimi umeniweka juani." Akaanza kushona, na kelele za cherehani ile zikanisindikiza mpaka barabarani.

Wiki hiyohiyo tajiri wa ghala alinituma kusini, kwenye kambi za wavuvi kando ya ziwa, nikapokee dagaa kabla wachuuzi wengine hawajafika. Ningeweza kupitia Mwandiga kuaga. Ningeweza kumwachia Bi Mwajabu maneno mawili ampe Leokadia akija. Sikufanya hivyo, kwa sababu niliona aibu, na niliona aibu hata kumwomba mtu aninyweshee mti wangu, watu wangeniona nimepoteza akili. Nilifunga chumba kwa kufuli nikapanda boti na magunia matupu. Kambini nililala kwenye kibanda cha makuti ya michikichi. Mchana dagaa walitandazwa kwenye changarawe, ufuo mzima uking'aa kiasi kwamba ilibidi ufumbe macho, na kwa mbali ng'ambo ile milima ya Kongo ilionekana au haikuonekana kufuatana na vumbi. Wanaume wa kambi walikuwa watu wacheshi. Walinipa jina, Karani Kimya. Nilikaa nao kiangazi chote kilichobaki, nikila kutoka sinia moja nao, na nikijua kila siku kwamba mti unakauka, na nikiumizwa na hilo kuliko na lile la Leokadia. Hilo ndilo nisilojisamehe kwa urahisi. Nilikuwa na mambo mawili ya kuyahofia nikachagua dogo.

Niliporudi mvua zilikuwa bado hazijaanza. Nilitoka gati la Katonga kwa miguu, begi begani, nikakata kona, na nikadhani nyumba inaungua. Upande wa kushoto haukuwa na jani hata moja la kijani. Kuanzia ardhini mpaka kwenye bati ulikuwa maua matupu, yameshikana kama moto uliosimama, na rangi yake ilikuwa rangi ya tofali lililotoka tanuruni. Upande wa kulia, zambarau ya Bi Mwajabu ilikuwa ileile ya siku zote, kidogo hapa na kidogo pale, na mbele ya ule mwingine ilionekana kama nguo ya kushindia. Nilisimama katikati ya njia. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ameshinda, na kwamba nitakwenda kumwambia kesho.

Bi Mwajabu alitoka akanipokea begi. Hakuusifu mti. Alinikalisha barazani, akanipa uji, akangoja nimalize.

"Walikuja," alisema.

"Akina nani, mama?"

"Binti na shangazi yake. Walichoka kungoja. Wamekuja wamevaa vizuri, mwanangu, shangazi ana khanga mpya. Wakakuta kufuli." Aliuonyesha mti kwa kidevu bila kuutazama. "Na huo ulikuwa umepukutika wote. Miiba mitupu. Nikawapa chai. Yule mama alikaa hapo ulipokaa, akautazama, akasema mtu anayeacha mti ufe mlangoni kwake ataacha na mke afe ndani."

"Na Leokadia?"

"Alikwangua gome kwa ukucha, akamwonyesha shangazi yake. Akasema, bado mbichi huu. Shangazi akasema, twende."

Kisha akaniambia kwamba kuna mtu wa Kibondo, mwenye duka, ameanza kuonekana Mwandiga, na shangazi anampenda. Ameanza kuonekana, alisema. Hakusema wameoana. Kutoka Ujiji mpaka Mwandiga si safari, na mimi nilikaa chumbani nikiyatazama maua ya rangi ya tofali kupitia pazia aliloshona yeye, nikajiambia kesho, na kesho yake nikajiambia Jumapili. Mvua ilipoanza iliyaangusha yote kwa mara moja. Bi Mwajabu aliyafagia. Kabla ya Krismasi Leokadia alikwenda Kibondo na mumewe, na mimi nikahamia mjini.

Nilioa baadaye. Mke wangu alikuwa mtu mwema na nilimzika kwa machozi ya kweli, na hapa si mahali pa kumweleza. Niliwahi kusimama kwa muuza miche mmoja kando ya barabara, naye akaniambia habari ambayo ningelipa chochote kuipata nikiwa kijana, kwamba zile bogonvilia mbili ni jamaa tu, si mti mmoja. Hii ya majani laini ukiipa maji itachanua mwaka mzima. Ile ya manyoya ukiipa maji itakupa majani mpaka uchoke. Lazima iumie kwa kiu kwanza. Nilimshukuru, sikununua mche.

Siku ya hitima, baada ya dua na pilau, wanawake walianza kutoka ndani. Mmoja wao, mnene kidogo, mwenye rozari mkononi na mtandio kichwani kwa heshima ya nyumba, alishuka ngazi akishikilia ukuta. Alisimama mbele ya kiti changu.

"Karani," alisema. "Bado unajisugua limau?"

Nilijaribu kusimama, goti likakataa, akanishika bega nikakaa, naye akavuta kiti. Aliniambia alirudi Mwandiga baada ya mumewe kufariki, na kwamba miaka yote alimshonea Bi Mwajabu na binti zake, hata nguo za harusi za wajukuu. Nilisema sikujua. Alisema angenijulishaje, kwani mimi nilikuwa nafika? Aliyatazama maua ya zambarau, akanyoosha mkono, akashika jani moja kwa vidole viwili.

"Popilini," alisema. Kisha akaligeukia tangi. "Ule mwingine ulichanua?"

Nilimtazama kuona kama ananitania. "Bi Mwajabu hakukwambia?"

"Alitaka kuniambia mara nyingi. Nilimkataza. Nikamwambia, aliyewekeana nami ndiye atakayesema." Alipangusa mapajani pake kana kwamba pana nyuzi. "Basi sema."

"Ulichanua mwezi ule mliokuja. Mlikuwa mmeshaondoka."

"Rangi gani?"

"Ya tofali."

Alicheka, mabega yakimtetemeka, kama siku ile ya foronya. Alicheka mpaka watu wakageuka kutuangalia, wazee wawili wanaocheka msibani, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo nilishinda."

"Ulishinda," nilisema. "Na jina hukuniambia."

Pale nje barabarani mwanamke wa makamo alikuwa amesimama kando ya bajaji, anatazama huku kwetu, anamsubiri. Leokadia aliinuka, akaweka mkono wake begani kwangu kwa mara ya pili, akaushindilia kidogo.

"Nilishalitumia," alisema, na akaenda kumfuata binti yake.